Oili chafu si dawa ya mvua

Juzi alikuja mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Kila Jumamosi huwa anatoka Mkolani na baiskeli yake hadi Capri Point, hapa Mwanza, na kurudi, kunyoosha magoti. Safari hii alikuwa anaikokota, kaishika kwa ncha za vidole kama aliyebeba samaki aliyelala siku tatu. Cheni nyeusi tii, meno ya friwili kule gurudumu la nyuma hayaonekani, na suruali yake ya kaki ina mstari mweusi kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mvua hizi nimeziwahi mwaka huu. Nimeipaka oili chafu ya kutosha, lakini sijui kwa nini inasaga."

Ni mtu wa nne tangu vuli ianze, na maneno ni yaleyale. Mzee nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni mzee. Wengine naomba wasome hapa, kwa sababu mdomo umechoka.

"Oili chafu inaikinga cheni na mvua"

Najua imani hii ilikotoka. Nguzo za uzio tunazipaka oili chafu mchwa wasile. Mbao za kenchi tunazipaka. Ukienda gereji yoyote unapewa chupa nzima bure au kwa bei ya soda. Mtu anawaza: kama imezuia mchwa miaka mitano, itashindwaje na mvua ya miezi mitatu? Ila nguzo haizunguki. Nguzo haina pini zinazosuguana mara maelfu kati ya Buzuruga na Kisesa.

Ukitaka kuelewa, nenda barabarani saa moja baada ya mvua kubwa. Mji wetu umekaa kwenye mawe. Maji yakiteremka Bugando, Igogo na Mabatini huja na mchanga, na mvua ikikatika unaukuta umelala pembeni mwa lami, palepale bodaboda na daladala zinapotusukumia sisi wa baiskeli. Mchanga huo ni mawe yetu ya granaiti yaliyomong'onyoka, na chembe zake ngumu ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, cha 1 hadi 10, kwatzi ni 7. Msumari wa kawaida haufiki hapo. Sasa chukua kwatzi, ichanganye na oili nzito inayonata. Umepata kitu cha aina ileile mafundi wa injini wanachonunua dukani kusagia valvu. Tofauti ni kwamba wewe unasaga cheni yako, na unakanyaga pedeli kwa bidii ili isagike vizuri.

Na hiyo oili yenyewe haikuja mikono mitupu. Imetoka kwenye injini imebeba masizi, vumbi la chuma, mabaki ya petroli na tindikali. Ndiyo maana ikaitwa chafu, ndiyo maana mwenye gari akaimwaga. Ngozi pia haiitaki: ukiishika kila siku bila glovu, kwa miaka, unajitafutia ugonjwa wa ngozi, na saratani imo. Kuna watu wanampa mtoto ndiye apake baiskeli ya baba.

Jambo ambalo karibu kila mteja hulikosea ni hili: cheni haihitaji mafuta nje. Inayahitaji ndani. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya bushi, yaani kijibomba kidogo, na juu yake kuna roli, kigurudumu kinachokaa kwenye jino. Msuguano uko humo. Ukipaka nje ikang'aa kama nywele za bwana harusi, umelisha mchanga tu. Pini zikilika, kila kiungo kinaongezeka nafasi kidogo, na cheni nzima inakuwa ndefu. Watu husema "cheni imevutika". Haivutiki, si mpira ule. Imelika kwa ndani.

Kupima ni kazi ya dakika moja, na kifaa anacho mtoto wako kwenye begi la shule: rula yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Kwenye cheni isiyolika, ile ya 24 inaangukia kwenye 12 kamili, kwa sababu kati ya pini na pini ni nusu inchi, iwe Phoenix ya babu au baiskeli ya gia 21. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, umechelewa: meno ya friwili yameshachongoka kufuata cheni mbovu, na cheni mpya itaruka juu yake. Hapo ndipo fundi anaitwa mwizi, eti nilileta cheni tu, ananiambia friwili.

Ya mzee ilikuwa imepita hata ya nane.

Basi ufanye nini? Safisha kwanza. Mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, mswaki uliochakaa, sugua kiungo kwa kiungo. Usitumie petroli, hasa wewe unayefanyia kazi jikoni karibu na jiko la mkaa. Futa, acha ikauke. Kisha chukua oili ya injini MPYA, ile ile ya pikipiki, na uidondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano: tone moja juu ya kila roli, upande wa ndani wa cheni. Zungusha pedeli kinyumenyume mizunguko ishirini, iingie. Sasa fanya ambalo wengi hawafanyi: ifute yote ya nje. Mimi natumia soksi iliyotoboka. Naishika cheni kwa soksi, nazungusha mpaka soksi itoke karibu safi. Ukiigusa kwa kidole, kidole kibaki na alama hafifu tu. Kikiwa cheusi, rudia kufuta. Wanaodhani natania kuhusu soksi waje waione baiskeli yangu.

Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi, kwa sababu ni mepesi na hayashiki vumbi sana. Mvua moja huyaosha yote. Masika na vuli nataka kitu kizito kidogo, lakini kisafi, na kirudiwe kila ukilowa.

Yale mafuta ya taa machafu yafungie kwenye chupa uyapeleke gereji wanakokusanya oili. Ukiyamwaga mtaroni yanakwenda mto Mirongo, Mirongo unakwenda Ziwa Victoria, na sehemu ya maji ya mji huu inavutwa ziwani palepale Capri Point.

"Mvua zikianza, baiskeli inalala mpaka Juni"

Hawa ndio wanaoniletea kazi nyingi kuliko walionyeshewa. Baiskeli imeingizwa stoo ikiwa na tope la safari ya mwisho, imesimama kwenye sakafu ya saruji miezi saba. Upepo umeisha, tairi limekunjamana chini ya uzito na kupasuka nyufa, waya wa breki umeshikana na kutu, cheni imekakamaa imekuwa kama fimbo. Halafu mwenye nayo anashangaa: "Lakini sikuiendesha, fundi!"

Mvua yenyewe haina kesi kubwa. Yenye kesi ni ile siku ya pili, baiskeli ilipoachwa imelowa. Ukirudi, igonge chini mara mbili maji yadondoke, ifute, tone kwa tone kwenye cheni, basi. Mara moja moja toa siti na bomba lake, igeuze fremu kichwa chini. Utashangaa maji yanayotoka, maana huingia pale juu na kwenda kukaa kwenye gololi za pedeli.

Wapo walioniambia hata Wazungu huzifungia baiskeli majira ya baridi. Baadhi, ndiyo. Lakini Oulu, kaskazini mwa Ufini, watu wanaendesha kwenye theluji kwenda kazini, na watoto kwenda shule, njia zao zikiwa zimekwanguliwa asubuhi. Na kwenye nchi nyingi za huko barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, chumvi ambayo hula chuma kweli. Sisi hatuna barafu wala chumvi. Tuna mvua inayopiga asubuhi, saa sita unaanua nguo zimekauka. Safari yangu nzuri kuliko zote mwaka huu ilikuwa ya kwenda Kigongo, kuliona lile daraja la kilomita 3 lililotupumzisha na foleni ya kivuko, na nilinyeshewa kuanzia Usagara. Ilipokatika, vumbi lote lilikuwa limelala na milima ya Misungwi ilikuwa ya kijani.

Weka madigadi tu, ya mbele na ya nyuma, na ya mbele uiongezee ulimi uliokatwa kwenye gambuti kuukuu, ushuke hadi karibu na ardhi. Mchanga mwingi unaoingia kwenye cheni hurushwa na gurudumu la mbele. Vijana wanazing'oa madigadi ili baiskeli ipendeze, kisha wananiletea cheni.

"Ukitoka safari, iingize ziwani uioshe"

Hapana, na sababu kubwa hata si ya baiskeli. Kandoni mwa ziwa, kwenye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wanaotoa vimelea vya kichocho. Vinaingia kwenye ngozi isiyo na kidonda, dakika chache zinatosha, na wewe umesimama maji yakiwa magotini unasugua spoku kwa raha zako. Kama umekuwa ukifanya hivyo miaka yote, nenda kituo cha afya upime, dawa ipo. Kisha sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na grisi yako haimo kwenye orodha ya yanayoruhusiwa.

Wengine huipeleka kwa waosha magari, ikapigwe mashine ya presha. Maji hayo yanapenya kwenye gololi za magurudumu na za usukani, yanatoa grisi, yanabaki yenyewe. Ndoo moja, kitambaa, sabuni ya kufulia. Imetosha.

"Matairi ni mpira, radi hainigusi"

Hili ndilo linalonitisha, na huwa nalisikia kwa watu wazima waliosoma. Radi imekata kilomita kadhaa za hewa, ambayo nayo haipitishi umeme kirahisi, halafu unadhani itashindwa na sentimita tatu za mpira? Aliye ndani ya gari hulindwa na bati la gari lililomzunguka, si na matairi. Wewe juu ya baiskeli huna bati. Na kanda yetu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo unatoka kila upande kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inapanda na mawingu yanajengeka juu ya ziwa. Kwa hiyo wewe unayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi lami iliyo tupu, tazama ziwani kwanza. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba au omba hifadhi kwenye gari. Usisimame chini ya mwembe, wala juu ya mawe makubwa kupiga picha. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ya nguo nyekundu kuvuta radi nayo ni hadithi tu. Vaa nyekundu, vaa njano, dereva wa daladala akuone.

Zilizobaki, kwa haraka

"Mvua ikinyesha jaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, likate maji." Tairi la baiskeli ni jembamba, kwa mwendo wetu linakata maji lenyewe. Ukilijaza sana linadunda na kushika lami kidogo. Soma namba zilizoandikwa ubavuni, kisha mvua ikiwepo punguza PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 5 hivi, usishuke chini ya ile ndogo.

"Breki zangu nzuri, nimezikaza jana." Ringi zako ni za chuma cha kung'aa? Basi zikilowa breki hazipo, hata uzikaze vipi. Ringi za alumini, zilizojaa kwenye baiskeli za mtumba, ni afadhali sana. Kwa zote mbili, ukikaribia mteremko ibane breki kidogo mapema ili vipira vifute maji, ndipo uzidai kazi. Anayeshuka kutoka Bugando bila kufanya hivyo atasimamishwa na ukuta.

"Ukilowa utapata nimonia." Nimonia huletwa na vijidudu. Malaria huletwa na mbu. Kulowa kunaleta nguo mbichi. Ila usikae saa nzima unatetemeka kijiweni unasimulia safari. Beba fulana kavu kwenye mfuko wa nailoni, badilisha, kunywa chai.

Mzee wangu nilimbadilishia cheni na friwili. Nilipompa soksi aliiangalia, akaigeuza, akauliza kama ya pili yake ninayo.