Je, wajua kwa nini kiganja hushika hina lakini hukataa tatuu?

Mpwa wangu alirudi kutoka harusini Ngamiani viganja vimekolea hina, rangi ya ukwaju mkavu. Juu ya kifundo cha mkono, hina ya bakuli hilohilo ilikuwa hafifu kama chai iliyozidi maji. Akanitazama, akasema, "Shangazi, nimeshaamua. Jina la bibi nalichora tatuu hapahapa kiganjani, maana ndipo rangi inaposhika."

Kijana anayechora tatuu kule Chumbageni akamkatalia. Alimwambia tu kwamba kiganjani haikai. Kwa kuwa nilifundisha baiolojia miaka mingi kabla ya kustaafu, kesi ikaletwa kwangu.

Kijana yule alikuwa sahihi. Hina na tatuu zote twaziita rangi ya mwilini, lakini hazikai tabaka moja. Jani la mhina lina kemikali iitwayo lawsoni. Unga wake ukikandwa kwa limau na kuachwa utulie, lawsoni hutoka na kujifunga kwenye keratini, protini inayojenga kucha, nywele na ngozi ya nje. Mwanzoni huwa rangi ya chungwa, kisha kwa siku moja au mbili hewa huikoleza. Ngozi ya nje ikiwa nene, hina hupata pa kushika zaidi, na hakuna ngozi ya nje nene kama ya kiganja na unyayo: hufika milimita 1.5, ilhali kwenye kope ni 0.05 tu. Lakini seli za juu za ngozi hiyo zimekwisha kufa na hupukutika kila siku. Kwa takriban mwezi mmoja ngozi ya nje yote huwa imejigeuza, na hina imeondoka nayo.

Tatuu haiwekwi huko. Sindano huvuka ngozi ya nje na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2, mahali pasipopukutika. Mwili huuona wino kama mgeni, ukatuma seli za kinga ziitwazo makrofaji kuumeza. Huumeza, lakini hushindwa kuusaga, basi hukaa nao palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliziua seli hizo kwenye ngozi ya panya waliochorwa. Mchoro haukubadilika. Wino ulioachwa na seli zilizokufa ulimezwa na seli mpya, na hivyo ndivyo zinavyopokezana, kama wilaya zinavyopokezana Mwenge wa Uhuru.

Sasa rudi kiganjani. Sindano inayozama milimita moja na nusu, ambayo mkononi ingefika ndani bila taabu, kiganjani bado inahangaika na ngozi ya nje. Wino mwingi utapukutika kama hina. Mchoraji akikandamiza zaidi, wino unavuja pembeni na mstari unakuwa doa. Ongeza kufua, kusonga ugali na kushika ufagio, na jina la bibi halisomeki. Vidole na nyayo vina tabia hiyohiyo.

Mpwa wangu alidhani tatuu ni mambo ya vijana wa mjini. Nikamkumbusha wazee wa Kimakonde waliokuja Tanga kukata mkonge. Wengi walikuwa na chale usoni: ngozi ilichanjwa, kisha ikapakwa masizi, na alama zikabaki hadi uzeeni. Hata neno nembo, tunalolitumia leo kwa alama za kampuni, lilikuwa jina la chale za kabila. Na Ötzi, maiti ya miaka zaidi ya 5,000 iliyopatikana mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, ana alama 61, nyingi zikiwa miguuni na mgongoni. Kiganjani hana hata moja.

Pa kuchora, basi, ni wapi? Kwa ngozi yetu nyeusi kuna jambo ambalo picha za mitandaoni hazisemi. Melanini iko ngozi ya nje, juu ya wino, kwa hiyo tatuu tunaitazama kupitia pazia la kahawia. Njano na rangi nyingine nyepesi humezwa. Mstari mweusi mnene ndio unaosimama. Pia tazama makovu yako ya zamani. Kovu lililovimba likavuka mipaka ya kidonda ni keloidi, na kifua na mabega huipenda sana. Mwenye nalo asichore kabisa. Jua nalo hufifisha wino, na kidonda kipya hakitakiwi kuogelea Raskazone wiki mbili tatu za mwanzo. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa, popote ilipo. Kuhusu dini, mama yake ameshasema yake kwa sauti iliyofika barabara ya pili, siongezi neno.

Nilichomshauri ni hiki: achore kwanza kwa hina, palepale anapopataka, aishi nayo. Hina ya kweli, si piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Piko mara nyingi huwa na PPD, kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge.

Mara ya kwanza alichora jina zima, na maua, kwenye mkono wa kulia. Siku ya nne alikuwa amechoka kuulizwa Fulani ni nani. Mara ya pili aliacha jina, akachora ukili, kwa kuwa bibi alikuwa msukaji wa mikeka. Uliingia vizuri, ila nikamwonyesha kwamba wino husambaa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na mistari iliyobanana namna ile itaungana.

Kisha akaja na mchoro wa tatu: miyaa miwili tu inayopishana, mipana, ndani ya mkono karibu na kiwiko. Leo ni siku ya tisa. Imebaki alama ya rangi ya chungwa, na asubuhi nimemkuta akiikolezea tena.