Paneli ya jua hairefushi mruko, inasogeza kituo

Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka likafunika nyumba za Itezi, jijini Mbeya. Penye hatari kama hiyo ndipo ndege nyuki (droni) inapofaa: ipande kutazama kama mlima bado unasogea, kabla hujamtuma mtu.

Kikwazo ni betri. Ndege ndogo yenye betri ya wati-saa 77 huandikiwa kwenye boksi dakika arobaini na kitu. Huku kwetu usizitegemee. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitulo inapita 2,500. Hewa ni nyepesi, mapangaboi yanalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na chaji inakwisha mapema. Toa upepo, toa na akiba ya dharura, ubaki na dakika 20.

Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde hizo ni kilomita 12, yaani sita za kwenda na sita za kurudi. Wengi hudhani paneli itaongeza hapo. Haiongezi hata mita moja. Ila ukiwa na kikundi cha pili ng'ambo ya daraja lililokatika, kina paneli ya kukunja na betri za ziada, ndege inatua huko huko, na kilomita zote 12 zinakuwa za kwenda. (Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza, maana hapo hamuioni tena kwa macho. Na kilima kikiingia katikati, rimoti na ndege havisikilizani.)

Paneli ya wati 100 ikikupa 65 mchana wa jua, shukuru. Betri ile itajaa kwa saa moja na nusu. Ukungu wa Tukuyu ukishuka, utasubiri siku nzima. Na mafuriko ya Kyela hayaji kiangazi! Kwa hiyo betri kubwa ya akiba, ya kuchajia zile za ndege, ijazwe kwa umeme wa ukutani kabla ya masika, paneli iwe ya kujazia tu.

Angalieni kivuli pia. Jani moja la mgomba likiangukia pembe ya paneli, umeme unaporomoka kuliko ukubwa wa jani lenyewe, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo. Paneli ikae juani, betri kivulini. Iliyotoka kuruka ni ya moto: iache ipoe ndipo uichaji. Asubuhi za Juni kule Kitulo ni kinyume, iweke ndani ya koti mpaka dakika ya kuruka.