Mwaka wa msingi si mlango wa nyuma

Hapa Dodoma, kijana aliyepata E moja na S moja kidato cha sita huambiwa kemia ya chuo kikuu basi tena, na kwamba mwaka wa msingi, yaani masomo ya kujiandaa kabla ya shahada, ni wa waliofeli. Maneno haya yamewavunja moyo wengi, nami yananiuma.

Ukweli ni kwamba Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye kituo hapa mjini, kina programu hiyo, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inaitambua. E ni alama 1, S ni nusu, jumla 1.5. Ndicho kiwango cha kuingilia kwa wa kidato cha sita. Ila kuivuka ni kazi: GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kwa masomo sita, na angalau C katika masomo matatu ya mchepuo wako.

Kinachojengwa humo ni msingi hasa. Chukua ndoo ya maji ya kisima ya huku kwetu: unafua, sabuni inagoma kutoa povu, inaacha utando mweupe. Ni kalisiamu na magnesiamu zinazoshikana na sabuni. Anayejifunza kupima ugumu huo kwa tone moja moja la bureti, mrija wa kioo wenye vipimo, hadi rangi ibadilike, anasoma kemia yenyewe.