Jalada la mtoto: anza na mstari wa umri

Jalada la kesi ya mtoto likikufikia, usianze na kosa. Anza na umri. Kwa sheria ya Uganda, aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi. Kuanzia 12 hadi kabla ya 18, kesi kwa kawaida ni ya Mahakama ya Familia na Watoto, isipokuwa kosa lenye adhabu ya kifo au akishtakiwa pamoja na mtu mzima. Tatizo huanzia kituoni: askari anamtazama kijana mrefu, anaandika 18, na kila karatasi inayofuata inanakili 18 hiyo hiyo hadi mtoto anajikuta rumande na watu wazima. Mzazi, nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo au ya ubatizo. Bila hati, daktari atakadiria kwa meno na mifupa, na makadirio hayo yanaweza kupishana na ukweli kwa mwaka au zaidi.

Si kila shauri lifike kwa hakimu. Polisi wanaweza kumwonya mtoto na kumwachia. Wizi, ugomvi na uharibifu wa mali vinaweza kumalizwa na mahakama ya LC1, yaani ya baraza la kijiji, kwa fidia, radhi au usuluhishi. LC1 haina mamlaka ya kumweka mtoto ndani.

Mahakamani kesi husikilizwa faragha, mzazi akiwepo. Maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" hayatumiki kwa mtoto. Huandikwa kwamba kosa limethibitishwa, kisha amri. Karani aliyezoea majalada ya wakubwa huteleza hapa, kwa hiyo soma nakala kabla hujaondoka.

Kabla ya amri, afisa wa ustawi wa jamii huleta ripoti ya maandishi kuhusu nyumbani, shule na mazingira ya kosa. Ikichelewa, kila kitu kinasimama. Kwa maoni yangu, hapa ndipo muda mwingi wa watoto unapotea. Kuzuiliwa ni hatua ya mwisho, na kuna kikomo: miezi 3 kwa aliye chini ya miaka 16, miezi 12 kwa aliyevuka hapo, na miaka 3 kwa kosa lenye adhabu ya kifo. Kituo cha kitaifa cha kurekebisha watoto hao ni Kampiringisa, wilayani Mpigi. Siku alizokaa rumande lazima zizingatiwe.

Kesi isipomalizika ndani ya miezi 3 tangu mtoto ajibu shtaka, Mahakama ya Familia na Watoto inapaswa kuifuta, na hashtakiwi tena kwa kosa hilo. Hesabu hiyo haianzi siku ya kukamatwa. Iandike tarehe aliyojibu shtaka.