type() haijui ukoo

Vijana wengi ninaowafundisha Python hapa Kigoma wana mazoea mamoja: wakitaka kujua objekti (kitu ndani ya programu) ni ya klasi (aina) gani, wanaandika `type(x) == Samaki`. Inakubali, mpaka siku klasi ikizaa, yaani klasi nyingine ikirithi kutoka kwake.

Chukua programu ya kupokea mzigo mwaloni Kibirizi:

```
class Samaki: pass
class Dagaa(Samaki): pass

mzigo = Dagaa()
type(mzigo) == Samaki      # False
isinstance(mzigo, Samaki)  # True
```

`type()` inakutajia klasi iliyoiunda objekti, basi. `isinstance()` inapanda ukoo mzima: Dagaa, Samaki, hadi `object`, bibi wa klasi zote za Python. Ukitaka kuuona ukoo wenyewe, chapa `Dagaa.__mro__`. Lugha nyingine nazo: Java wana `getClass()` na `instanceof`, Ruby wana `instance_of?` na `is_a?`, mgawanyo ni uleule.

Kwa hiyo mimi natumia `isinstance()` karibu kila mahali. Ila ina mtego, na mtego wenyewe hauna kelele. Tangu toleo la 2.3, la mwaka 2003, Python ina `bool` (aina ya kweli/uongo), na `bool` ni mtoto wa `int` (namba nzima). Maana yake `isinstance(True, int)` ni kweli, na `True + True` ni 2. Sasa weka fomu yenye kisanduku cha "wamekaushwa?" kando ya uzito. Msimbo ukivipishanisha, uzito unakuwa `True`, ukaguzi wa namba unaupitisha, na gunia zima la dagaa linaingia kwenye jumla kama kilo 1. Mfanyabiashara atagundua jioni, wewe utatafuta usiku kucha. Mzuie mtoto kwanza:

```
if isinstance(uzito, bool) or not isinstance(uzito, (int, float)):
    raise TypeError("Uzito lazima uwe namba")
```

(Tarehe nazo ni hivyohivyo: `datetime` (tarehe na saa) ni mtoto wa `date` (tarehe tu), lakini ukizilinganisha kwa `<` unapata TypeError, kosa la aina.)

Na ukijikuta unaandika `if` ya Dagaa, `elif` ya Mgebuka, ili tu kukokotoa bei, acha kuuliza klasi. Ipe kila klasi methodi (kazi iliyo ndani ya klasi) yake ya `bei()`: Dagaa ihesabu kwa kilo, Mgebuka kwa idadi. Msimbo wa kupokea mzigo uite `mzigo.bei()`, umalize. Kesho wakileta kuhe, unaongeza klasi Kuhe. Msimbo mwingine huugusi.