Shahawa "zinaua" kinga? Kwanza niambie seli B gani

Kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Bagamoyo, jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba shahawa zinaua kinga ya mwanamke na eti wanasayansi wamethibitisha. Watu wananitumia mimi kwa sababu wanajua nashinda maabara na seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili (protini za kupambana na wageni mwilini), sasa badala ya kumjibu kila mtu inboksi acha niandike hapa mara moja. Alivyosema yeye si kweli. Ila kuna kitu cha kweli kimejificha humo ndani na hicho ndo kitamu.

Tuanze na maji yenyewe. Kinachotoka, mbegu ni sehemu ndogo sana, asilimia 5 hivi au pungufu, mengine yote ni majimaji na mengi yanatoka kwenye vifuko vya shahawa, yanayobaki tezi dume. Sampo ikifika inavutika, ukiinyonya na pipeti inagoma, unaiacha dakika 20 au 30 inalegea yenyewe, unaizungusha kwenye sentrifyuji, mbegu zinakaa chini na juu unabaki na maji yenye umanjano kwa mbali. Hayo ndo plazima ya shahawa. Ile harufu yake inatokana na spemini, kemikali ambayo imejaa humo, halafu kuna TGF-beta ya kutosha, protini ya ishara inayotuliza kinga, na kuna prostaglandini E2, kemikali nyingine ya ishara, kwa kiwango ambacho sehemu nyingine za mwili huikuti. Tena prostaglandini zenyewe zilianza kujulikana kupitia humuhumu kwenye shahawa, Ulf von Euler wa Sweden akazipa jina mwaka 1935.

Vyote hivyo vya nini? Fikiria hivi, mbegu zinaanza kutengenezwa kijana akibalehe, wakati huo kinga yake ilishamaliza zamani kujifunza nini ni cha kwake na nini si chake, kwa hiyo mbegu ni mgeni hata kwa mwenye nazo. Ndo maana korodani zina kizuizi cha kuzitenga na damu, na ndo maana wanaume zaidi ya nusu wakishafungwa mirija ya uzazi wanatengeneza kingamwili dhidi ya mbegu zao wenyewe. Kwa mwanamke ugeni unazidi. Bila kitu cha kutuliza njiani sidhani kama sisi tungekuwepo.

Sasa seli B. Kosa la voisi noti, na la makala nyingi tu za kitaalamu za zamani nisimwonee jamaa, ni kusema "seli B" kama vile ni kitu kimoja. Ni kama kusema wavuvi wa pale soko la samaki: wa mshipi, wa jarife, wa dema, wote wavuvi, ila kusi likivuma haliwagusi sawa.

Kuna B-1, walizitambua kwa panya pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1983. Kwa panya zinakaa sana kwenye uwazi wa tumbo na wa kifua, zinamwaga IgM, aina ya kingamwili ya mwanzo, muda wote hata kama hamna ugonjwa, na zikikutana na sukari za kwenye ngozi ya bakteria hazingoji ruhusa ya seli T, zile seli nyeupe zinazoongoza na kusaidia wenzao. Kwa binadamu bado watu wanabishana zipo kwa sura gani, mi mwenyewe nikiona mtu amechora mstari mmoja kwenye grafu akasema hizi hapa B-1 za binadamu huwa nacheka kidogo.

Kuna za ukingoni mwa bandama. Hizi zinakaa pale damu inapochujwa na ni wepesi mno dhidi ya bakteria wenye gamba la sukari kama nyumokokasi. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anajua habari hii hata kama hajawahi kusikia seli B: bandama ya mtoto inakufa mapema, ndo maana anapewa penisilini kila siku tangu mdogo.

Halafu ndo hizi za kawaida, za kwenye mitoki, ambazo zinahitaji msaada wa seli T ili zinoe kingamwili zao, zibadili kutoka IgM kwenda aina nyingine za kingamwili, IgG au IgA, na ziache kumbukumbu. Chanjo nyingi zinategemea hizi. Kuna pia seli B zinazotuliza wenzao kwa kutoa IL-10, protini ya ishara, na mwisho kabisa kuna seli za plazima (msichanganye na plazima ya shahawa, jina tu), ambazo zimejichimbia kwenye uboho zinatema kingamwili miaka na miaka.

Haya, mwagia TGF-beta. Seli B changa ya kawaida inapunguza kugawanyika, ni kweli, lakini hiyohiyo TGF-beta ndo ishara kuu inayoiambia seli B ibadili kwenda IgA, kingamwili ya kwenye utando. Sasa hapo umezima au umegeuza njia? Prostaglandini E2 nayo inapandisha cAMP, kemikali ya kupitisha ujumbe ndani ya seli, na kuipoozesha, lakini ukiiweka pamoja na IL-4, protini nyingine ya ishara, kwenye seli B za panya inaongeza IgE, kingamwili ya aleji. Na sehemu kubwa ya utulizaji wenyewe inapitia kwa seli T, zile za kudhibiti, kwa hiyo seli B inayoumia zaidi ni ile iliyokuwa inategemea msaada wa T. Ile seli ya plazima kule kwenye uboho haina habari kabisa, plazima ya shahawa kazi yake inaishia njia ya uzazi, haifiki huko. Kinga ya pepopunda aliyopata dada kwa chanjo iko palepale.

Na kitu voisi noti haikusema: masaa machache baada ya tendo, shingo ya kizazi inajaa seli nyeupe zilizokuja mbio. Kinga inaamka kwanza, utulivu unafuata.

Nikae kidogo kwenye spemini maana hapa ndo watu walipotea. Majaribio mengi ya zamani yalikuza seli kwenye seramu ya ndama (maji ya damu yaliyoondolewa seli), kitu cha kawaida kabisa maabara, sasa seramu ya ng'ombe ina kimeng'enya kinachoivunja spemini na kutoa sumu, aldehaidi na haidrojeni peroksaidi. Unaweka plazima ya shahawa, kesho unakuta seli B hazigawanyiki, unaandika "imezuia kinga", kumbe seli zimekufa! Tone la tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, linatosha, ukiona chini ya hadubini zimekuwa za bluu hapo hujapima utulizaji, umepima maiti. Ndo maana ripoti ikija kwangu swali la kwanza ni seramu ya nani, mtu au ng'ombe.

La pili ni damu ya nani. Mtu mzima wa pwani aliyekua na malaria huwa na kundi la seli B za kumbukumbu zisizo na CD21 wala CD27 (protini za juu ya seli tunazotumia kuzitambua), zinajibu kivivu zikichokozwa (Mali waliziripoti mwaka 2009). Ukizichanganya na zingine bila kuzitenga utaisingizia shahawa uvivu ambao seli zilikuja nao.

Kina dada waliouliza kuhusu muwasho, hiyo kweli ipo. Wapo wachache ambao seli B zao zimetengeneza IgE dhidi ya protini za plazima ya shahawa, hasa PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, na ajabu ni kwamba baadhi yao wana aleji ya mbwa dume kwa sababu protini zinafanana. Inaanza ndani ya nusu saa hivi, kuwaka moto, kuvimba, wengine vipele mwili mzima. Mkitumia kondomu ikaisha na bila kondomu ikarudi, mwambie daktari hivyohivyo, na kama pumzi inabana usisubiri kliniki ya kesho, nenda usiku huohuo.