Je, wajua kwa nini ndege ya Arusha mpaka Seronera inatumia saa nzima wakati simu inasema dakika 17?

Mtoto wa mama mdogo kapata kazi kwenye kambi moja Serengeti, wamemkatia tiketi ya kutoka uwanja wa Arusha, hapa Kisongo, mpaka Seronera. Jana usiku kanipigia: "Kaka, hii tiketi hawajakosea kweli? Inaondoka saa 2 asubuhi inafika saa 3 na dakika 10, mi simu inaniambia dakika 17 tu." Tiketi iko sawa kabisa, ila swali lake nimelipenda.

Kwenye umbali simu haijakosea. Ukinyoosha mstari toka Kisongo mpaka Seronera unapata kama kilomita 225, wakati kwa gari kupitia Makuyuni, Karatu na Ngorongoro unazidi 300 na siku inaishia njiani. Tatizo ni spidi. Simu yake imepiga hesabu ya jeti inayokimbia kilomita 800 kwa saa, na Seronera ni kiwanja cha changarawe, jeti kubwa haziendi kule. Atakayopanda ni Cessna Caravan, injini moja, panga mbele, abiria kumi na kitu, inakimbia kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe, hapo tayari dakika 45.

Na hizo 45 ni kama ingekuwa kwenye spidi hiyo mwanzo mwisho, kitu ambacho hakiwezekani, kwa sababu saa za tiketi zinaanza ndege inaposogea pale ilipopaki, inatembea taratibu mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, inaruka, afu inaanza kupanda polepole. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo mabawa hayabebi kama kule chini, ndo maana begi linawekwa kwenye mizani na mwisho mara nyingi ni kilo 15. Na mbele kuna nyanda za Ngorongoro, ukingo wa kreta uko kama mita 2,300, lazima uvuke juu yake.

Kutua nako kuna mambo yake. Safari moja nilikaa nyuma ya rubani, kiwanja tunakiona kabisa, mara pundamilia wanakatiza taratibu, aisee akainua pua tukazunguka upya mpaka gari la askari likawaswaga pembeni. Hapo dakika kadhaa zimeshaenda.

Upepo nao mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo kwenda unakusukuma, kurudi unakuzuia kidogo.

Nimemwambia aulize kitu kimoja tu, kama ndege inapitia Manyara kushusha watu, maana ikitua pale muda unaongezeka na dereva wa kambi atamsubiri sana juani.